Kabla hujalipia makala, pitia mlango wa maktaba

Mkuu, umesema kila ukibofya makala unaombwa kulipa, na msimamizi wako hataki kusikia habari za blogu, anataka makala za majarida ya kitaaluma. Kwanza rudisha pochi mfukoni. Muhula wa kwanza wa uzamili nililipia makala moja kwa hela yangu, nikaisoma usiku kucha. Wiki iliyofuata mkutubi akanifungulia jarida lile lile kwenye kompyuta yake, matoleo ya miaka na miaka. Chuo kilikuwa kimeshalilipia. Nilinyamaza, sikumwambia kitu.

Kosa langu lilikuwa la mlango. Tovuti ya mchapishaji haikujui kwa sura, inaangalia anwani ya mtandao uliotokea. Ukiwa kwenye intaneti ya chuo inakuona mwanachuo. Ukiwa nyumbani kwa bando la simu inakuona mpita njia. Kwa hiyo ukiwa nje ya chuo anzia kwenye ukurasa wa maktaba, ingia kwa namba yako ya usajili na nywila, ndipo ubofye kanzidata, yaani hifadhi ya makala mtandaoni, kutokea humo. Kama umezoea Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, fungua mipangilio yake, tafuta sehemu ya viungo vya maktaba, andika jina la chuo chako, weka tiki, hifadhi. Kuanzia hapo, makala ambazo chuo kinazo zitakuja na kiungo pembeni. Ni kazi ya dakika moja, mimi niliijua mwaka wa pili!

Sasa, mlango ukishafunguka, wengi tunakwamia kwenye maneno. Utafiti wangu ulihusu wagonjwa wa kisukari wanaoacha dawa. Niliandika sentensi nzima kama ninayemuuliza mtu swali, yakaja matokeo maelfu, mengi hayana mbele wala nyuma. Mkutubi akaniuliza, "Wenye fani yenu jambo hili wanaliitaje?" Nikamwambia compliance, yaani mgonjwa kutii maagizo ya daktari, ndivyo nilivyolikuta kwenye kitabu cha zamani. Akacheka. Waandishi wa siku hizi wengi wanasema adherence, yaani mgonjwa kushikamana na matibabu, wakiona lile la kwanza linamfanya mgonjwa aonekane mtu wa kutii amri tu. Ukitafuta kwa neno moja unalipoteza kundi zima lililotumia jingine. Tukayaunganisha mawili hayo kwa OR (lolote kati yake likiwepo inatosha), ugonjwa wenyewe tukauunganisha kwa AND (lazima nao uwepo), tukaandika diabet* na nyota mwishoni ili ikamate diabetes na diabetic kwa pamoja. Maneno yanayokwenda pamoja tukayafunga kwa alama za kunukuu. Matokeo yakashuka hadi idadi ya kusomeka. Kama uko upande wa afya, PubMed, kanzidata ya makala za tiba, ina orodha yake rasmi ya istilahi, MeSH, inayokuonyesha neno ambalo makala zimepangwa chini yake. Fani nyingine nyingi nazo zina orodha za namna hiyo.

Ukishapata makala moja nzuri kweli, acha kutafuta kwa maneno kwa muda. Soma marejeo yake uone mwandishi alisimama juu ya nani, kisha kwenye Google Scholar bofya pale panapoonyesha waliomtaja baadaye. Zaidi ya nusu ya makala zangu nilizipata kwa njia hii, nyingine zina vichwa ambavyo nisingevibuni hata kwa dawa.

Mitego miwili. Ule wa kuweka tiki ili zije makala zinazofunguka nzima tu: unakuficha vitu ambavyo maktaba inaweza kukuagizia. Na JSTOR, kanzidata ya majarida ya kitaaluma: ni hazina, ila majarida mengi humo yanachelewa miaka 3 hadi 5 kabla ya toleo jipya kuingia. Niliwahi kumwambia msimamizi kwamba miaka ya karibuni hakuna aliyeandika juu ya suala fulani. Alinitazama kwa huruma.

Ukiikosa kabisa, angalia kwanza "matoleo yote" chini ya matokeo ya Scholar. Mara nyingine mwandishi ameweka nakala yake kwenye hazina ya chuo chake. Pia jaza fomu ya kuazima kutoka maktaba nyingine. Mimi nilijaza DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, maana kichwa cha makala unaweza kukikosea lakini namba hiyo haibabaishi. Baada ya siku tatu skani ikaingia kwenye barua pepe. Niliwaandikia pia waandishi wawili moja kwa moja: mmoja alinitumia siku hiyo hiyo, mwingine bado namsubiri.

Halafu andika daftarini kila utafutaji: kanzidata gani, maneno gani, tarehe gani, matokeo mangapi. Siku ya kutetea utaulizwa. Tupe mada yako hapa pamoja na maneno uliyokwisha kujaribu, tuone ni neno gani umelisahau.