Kupima mifupa kwa mwanamke anayetumia ARV

Dada umeuliza kama mtu wa miaka 52, anatumia ARV, hedhi imeshakata na haumwi popote, kuna haja ya kupima mifupa. Ndio ipo, tena usisubiri maumivu maana mfupa unapungua kimyakimya mpaka siku unateleza kidogo tu mkono umevunjika. Mwanamke mwenye VVU hedhi ikishakoma anashauriwa kupimwa DEXA, ni eksirei ya mionzi kidogo sana, unalala tu wanapima nyonga na uti wa mgongo, haiumi. Majibu yanakuja kama namba, -2.5 au chini zaidi ya hapo ndo osteoporosisi yenyewe, yaani mifupa imepungua na kuwa dhaifu. Kama mashine haipo karibu mwambie daktari akupigie hesabu ya FRAX, ya kukadiria hatari yako ya kuvunjika mfupa, inaangalia umri, uzito, sigara, pombe, steroidi, kama ulishawahi kuvunjika, na hiyo inafaa hata kwa aliyevuka 40 ambaye bado anapata hedhi.

Halafu TDF (tenofovir, moja ya dawa za ARV) ndo inayolaumiwa sana, na kweli inapunguza mfupa hasa mwaka wa kwanza na wa pili, ila USIACHE dawa kwa sababu hiyo!! Majibu yakiwa mabaya daktari anaweza kukubadilishia. Na wale mnaojinunulia vidonge vya kalsiamu wenyewe (mko wengi nawajua), kama uko kwenye DTG (dolutegravir, nayo ni ARV) vimeze pamoja na chakula, tumbo tupu vinazuia DTG isifyonzwe vizuri.