Mshahara mmoja, watu wawili: hesabu ya kupiga kabla ya kuhama

Wanaokuja kuniuliza kama mshahara wa nje utawatosha mke na mume huwa wanaanza na bei za huko. Kilo ya nyama ni ngapi, nyumba ya vyumba viwili ni ngapi. Hayo tutayafikia. Swali la kwanza ni la hapa Lubumbashi: ninyi wawili mnaishi kwa kitu gani hasa?

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na mimi na mume wangu tuliwahi kukaa Zambia kwa kontra yake, yaani mkataba wa kazi. Ninachoandika hapa nimekiona kwenye makaratasi ya watu na kwenye meza yetu wenyewe.

Kuna fundi wa mitambo wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyenijia na kontra ya Solwezi, mji wa migodi kule Zambia. Alisema nyumbani kwake mshahara ni mmoja tu, wake, kwa kuwa mama hafanyi kazi. Mkewe alikuwa amekaa pembeni, kimya. Nikampa yeye karatasi na kalamu. Akaandika unga anaouza kwa meka, kile kikopo cha kupimia, mbele ya lango. Akaandika maji baridi anayouza wakati wa joto, SNEL, shirika la umeme, ikikubali. Chumba cha uani wanachompangisha mwanafunzi. Mahindi ya shamba la barabara ya Kasenga, ambayo kwa miezi kadhaa huwaondolea gharama ya bukari (ugali). Zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, ndiyo inayolipa minerval, yaani ada ya shule, ya watoto. Nilipouliza nyumba ni ya nani, ikawa ni ya baba mkwe, kodi hawajawahi kulipa. Kufika mwisho wa karatasi, yale ya "mama hafanyi kazi" yalikuwa yanabeba karibu nusu ya nyumba, na mume alikuwa ameacha kuongea.

Ndiyo maana kulinganisha mshahara wa hapa na mshahara wa kule peke yake hakukupi jibu. Mkihama wote wawili, vile vyote vidogo vinabaki Lubumbashi. Mshahara mpya lazima uzibe mahali pa unga, pa chumba, pa shamba na pa nyumba ya bure, ndipo uanze kuwa nyongeza. Nimeona watu wanaopewa mara mbili ya walichokuwa wanapata na bado wanashuka.

Ukishapata jumla hiyo ya kweli, shika kontra uangalie kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya makato. Huku kwetu waajiri wengi, hasa wa kazi za migodini, huzungumza pesa ya mkononi, kwa dola. Nje mara nyingi wanaandika mshahara ghafi, ule wa kabla ya makato, na mtu wa Lubumbashi anausoma kama wa mkononi. Chukua kwacha 25,000 kwa mwezi nchini Zambia. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2024, kwacha 5,100 za kwanza hazikatwi kodi, 2,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 20, 2,100 zinazofuata asilimia 30, na yote yaliyo juu ya 9,200 asilimia 37. Hapo kodi peke yake ni karibu 6,900. Ongeza asilimia 5 ya pensheni ya NAPSA na asilimia 1 ya bima ya afya ya NHIMA. Mkononi inabaki kama 16,600. Theluthi nzima imeondoka kabla hujanunua hata chumvi, na hakuna aliyekuibia.

Halafu kuna kwacha yenyewe. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilifika karibu kwacha 28, na kabla ya mwaka kwisha ikawa chini ya 24. Kama mshahara ni wa kwacha na deni lako au shule ya mdogo wako ni ya dola hapa, mtikisiko huo unakuingia wewe moja kwa moja. Piga hesabu kwa kiwango kibaya, usipige kwa kiwango cha siku uliyofurahi.

Ubelgiji hesabu ina sura nyingine. Asilimia 13.07 ya mshahara ghafi inaenda kwenye hifadhi ya jamii, kisha kodi inakuja juu ya kilichobaki. Lakini mfanyakazi ambaye mwenzi wake hana kipato hukatwa kodi ndogo kila mwezi kuliko mseja, na mwenzi huyo anaweza kuandikwa kwenye mutuelle yako, yaani mfuko wa bima ya afya, kama mtegemezi. Kule mwambie mwajiri mapema kwamba una mke au mume asiye na kipato, na peleka cheti cha ndoa. Nasema cheti cha ndoa ya serikali. Mahari iliyotolewa na picha za sherehe haziingii kwenye faili, na nimeona familia zinaanza kukimbizana na manispaa wakati tiketi tayari imekatwa.

Sasa lile ambalo wengi hulipita haraka: mwenzi kupewa viza ya kukufuata ni jambo moja, kupewa ruhusa ya kufanya kazi ni jambo lingine. Zambia, aliyeandikwa kama mtegemezi kwenye kibali chako anahitaji kibali chake ili aajiriwe. Afrika Kusini hali ni hiyo hiyo. Viza ya kumfuata mfanyakazi haimfungulii mwenzi ajira. Wale wanaojiambia "mama akifika atatafuta kitu" wanahesabu pesa ambayo sheria haijaipa nafasi. Mpango ukisimama tu kwa sharti kwamba yeye atapata kazi, mjue mshahara mmoja hauwatoshi, hata mkiuita kwa jina lingine.

Kanada, ambako vijana wengi wetu wa ufundi wanatazama siku hizi, kuna kibali cha wazi cha mwenzi, kinachomruhusu kumfanyia kazi karibu mwajiri yeyote, ila mlango umefinywa. Tangu 21 Januari 2025 kinatolewa kwa mwenzi wa mfanyakazi aliye katika ngazi za kazi wanazoziita TEER 0 au 1, zile za juu kabisa, au katika baadhi tu ya kazi za ngazi ya 2 na ya 3. Tena kibali cha mfanyakazi kiwe kimebakiza angalau miezi 16. Soma hapo polepole. Kontra ya mwaka mmoja, ambayo ndiyo nyingi, haimpi mkeo kibali hicho hata kama ujuzi wako umo kwenye orodha. Na maombi yenyewe yana bei: dola 155 za Kanada za kibali cha kazi, 100 nyingine kwa kibali cha wazi, na alama za vidole 85 kwa mtu mmoja au 170 kwa familia inayoomba pamoja. Msisahau safari ya Kinshasa kama hamjapata njia nyingine ya kutoa hizo alama. Ndege ya Lubumbashi hadi Kinshasa kwa watu wawili, pamoja na kulala, inaweza kupita gharama ya fomu zote.

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayovunja watu. Mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi, lakini nyumba, blanketi, sufuria na usafiri vinataka pesa siku ya kwanza. Zambia wenye nyumba wengi wanataka mwezi na amana, wengine wanataka miezi mitatu mbele. Kwetu sisi tuliozoea garanti, yaani hiyo amana, hilo si geni. Québec, jimbo la Kanada la Kifaransa, ni kinyume: sheria inamkataza mwenye nyumba kudai garanti, anaweza kuomba kodi ya mwezi wa kwanza tu. Anayekudai zaidi huko, hasa kwa nyumba ambayo hujaiona, muulize maswali kabla ya kutuma kitu. Lakini bima ya afya ya Québec inaweza kuchelewa hadi miezi mitatu kwa anayefika, kwa hiyo tengeni pesa ya bima binafsi ya watu wawili. Na kama mna mtoto, msiweke posho ya watoto ya Kanada kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza. Mkazi wa muda anasubiri miezi 18 mfululizo kabla ya kuwa na haki nayo.

Chakula sikiandikii mengi. Watu wawili watapika, watakula. Sombe (kisamvu) mtaipata, kwa bei ya kushangaza, na mtainunua hivyo hivyo.

Yanayobaki Lubumbashi, hayo ndiyo hayaandikwi. Ukisikika umevuka mpaka wa Kasumbalesa, hata kabla hujapata mshahara wa kwanza, simu zinaanza: matanga, hospitali, bati la nyumba ya mjomba. Upande wa mke vilevile, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa, kwa sababu pesa inayotumwa ni ya mmoja na ndugu ni wa wawili. Wekeni kiasi kimoja cha mwezi kwa pande zote mbili, kigawanywe kabla ya kuondoka, na wazee wa kila upande waambiwe na mtoto wao mwenyewe. Katika hesabu kiandike juu, karibu na kodi ya nyumba. Ukikiweka chini kama "kikibaki", hakitabaki na bado utakituma.

Kipimo changu ni hiki. Toa kwenye pesa ya mkononi kodi ya nyumba, usafiri, chakula, bima, na kile cha familia. Kama kilichobaki hakifikii kodi ya nyumba ya mwezi mmoja, mshahara huo haubebi wawili. Na kama kodi ya nyumba peke yake inapita theluthi ya mkononi, sihitaji kuendelea na hesabu.

Hapo kuna watu wanaokasirika, wanasema mke na mume hawatengani. Mimi husema mmoja atangulie miezi sita. Yule wa Katuba alifanya hivyo. Mkewe alibaki na unga wake na chumba chake, na karatasi yao ya pili ilikuwa na bei za kweli za Solwezi badala ya zile za kusikia. Kutengana nako kuna gharama, nyumba mbili ni nyumba mbili, na kuna ndoa ambazo zisingevumilia. Hilo ninyi mnalijua kuliko mimi.

Mkiamua kwenda pamoja, kabla ya saini mwandikieni mwajiri barua pepe moja, mwe na jibu lake kwa maandishi: mkononi ni kiasi gani kwa mtu mwenye mwenzi asiye na kipato, tiketi ya mwenzi inalipwa na nani, na ya kurudi pia, bima inamhusu mwenzi au ni ya mfanyakazi peke yake, kontra ikivunjwa mwezi wa nne, nani anawarudisha. Na pesa ya tiketi ya kurudi ya yule asiyeajiriwa iwe kwenye akaunti yenye jina lake mwenyewe, hapa Lubumbashi, tangu siku mnayoondoka.