Nyuzi kuinuka kwenye besi ya toleo la 1962

Ndugu, usiguse daraja kwanza, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili. Kama Jazz Bass yako, gitaa la besi la Fender, hilo toleo jipya linaloiga ya 1962, ilikuwa sawa Nakuru na nyuzi zimeinuka baada ya kufika Kisumu, shingo ndiyo imepinda. Unyevu wa huku ziwani huvimbisha mbao.

Hakikisha hivi: bana uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti (vile vyuma vya kukatiza shingo) ya 1 na ya mwisho, uangalie nafasi juu ya freti ya 7. Milimita 0.35 inatosha, karibu unene wa kadi ya biashara. Ikizidi hapo, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo.

Tatizo ni kwamba matoleo haya yanafuata ya kale kikamilifu: nati ya kukazia fimbo hiyo iko upande wa kiwiliwili, hivyo shingo lazima itoke. Funga kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1, legeza nyuzi, toa skrubu nne zinazoshika shingo. Nati ina mkato wa msalaba, tena ni laini. Bisibisi nyembamba itaukwangua na hapo umeumia. Tumia pana inayojaza mkato. Kaza kwa mwendo wa saa, robo mzunguko tu, rudisha shingo, tyuni, pima tena. Ndiyo, inachosha.

Unaporudisha skrubu, zungusha kinyume kwanza mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukilazimisha, tundu litalegea na shingo itacheza.

Kimo cha nyuzi juu ya freti kipange mwisho: milimita 2.4 upande wa E, 2 upande wa G (uzi mwembamba kuliko wote), kwenye freti ya 17.