Mama Sekretari anajibu: Barua ikae dakika tano kabla haijatoka

Mama Sekretari, jambo. Ninafanya kazi katika biro ya wakala wa forodha hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kazi yangu ni kupanga bei za kutoa mizigo na kuzituma kwa wateja. Ijumaa moja jioni, karibu na saa ya kufunga, nilituma bei ya makamio matatu yanayoingia kwa Kasumbalesa, mpakani. Niliandika herufi tatu za kwanza za jina la mteja, Outlook, programu tunayotumia kwa barua za kompyuta, ikalimalizia jina yenyewe, nami nikabonyeza. Kumbe ilikuwa imeweka mteja mwingine, na huyo tunamtoza zaidi kwa kazi ileile. Jumatatu asubuhi alikuwa amekaa mbele ya meza ya patroni, karatasi mkononi. Ilibidi tumpunguzie. Tangu siku hiyo patroni anataka kila barua yangu imfikie naye kwa kopi. Mwenzangu anasema kompyuta inaweza kuamriwa kuishika barua kwanza kabla haijaondoka. Ni kweli? Na hiyo kopi ya patroni, inaweza kwenda yenyewe?
S., Kampemba

Mwanangu S., pole sana. Mwenzako amesema kweli, na nitakuonyesha njia. Lakini kwanza nikuambie kwa nini jambo hili ninalo moyoni.

Kabla sijaanza kujibu barua hizi nilikuwa sekretari wa mkurugenzi katika kampuni moja ya hapa mjini. Mwisho wa mwezi mmoja nilitakiwa kumtumia mhasibu orodha ya mishahara. Kwenye kompyuta yangu mhasibu aliandikwa «Compta», na kundi la wafanyakazi wote liliandikwa «Collègues». Niliandika «Co», nikabonyeza. Nilipoona nilichofanya niliinama chini ya meza nikaung'oa waya wa intaneti. Niliinuka nikiwa nimeushika mkononi, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia mtu akisoma mshahara wa dereva wetu kwa sauti. Baba yule alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na alikuwa anapata pungufu ya kijana aliyeingia mwaka uliotangulia. Hakuniambia neno. Aliendelea kunisalimu kila asubuhi, ila chai ya saa nne hakukaa tena kuinywa pamoja nasi.

Najua utaniuliza: si kuna kitufe cha kuirudisha barua? Kipo, kwa Kifaransa kimeandikwa «Rappeler ce message», na ndicho nilichokimbilia mimi. Kinafanya kazi kati ya watu wa kampuni moja wanaotumia seva moja, yaani mashine kuu ya barua, ya Exchange au Microsoft 365, tena si kila mara. Barua ikishatoka nje kwenda kwa mteja, hairudishwi. Anachoweza kukiona mteja ni ujumbe wa pili unaomwambia kwamba ulitaka kuichukua ile ya kwanza, na hapo hata aliyekuwa hajaifungua ataifungua.

Kwa hiyo dawa ni kuizuia ikiwa bado iko nyumbani kwako. Fungua Outlook ile iliyowekwa kwenye kompyuta yenyewe, si ile ya kufungulia kwenye intaneti. Nenda «Fichier», kisha «Gérer les règles et les alertes», kisha «Nouvelle règle». Litakuja dirisha lenye mistari mingi, na karibu yote inahusu barua zinazoingia. Shuka chini ya hiyo mpaka kwenye mstari unaosema «Appliquer une règle aux messages que j'envoie», yaani kanuni ya barua unazotuma wewe. Dirisha linalofuata litakuuliza barua zipi. Usitie alama popote, endelea mbele. Litakuuliza kama kweli unataka kanuni hii iguse kila barua unayotuma, nawe ukubali. Kisha tafuta mstari unaoanza na «différer la remise», yaani kuchelewesha barua, utie alama, halafu ubonyeze yale maneno yaliyopigiwa mstari chini ili uandike dakika ngapi. Outlook inakubali mpaka dakika 120. Mimi naandika 5.

Nimejaribu dakika mbili, nikaona ni chache: kosa lenyewe hulikumbuka ukiwa umeshasimama kwenda kuchukua karatasi kwenye printa. Nimejaribu ishirini, biro nzima ikanilalamikia. Na kwenu ninyi wa forodha ishirini haiwezekani kabisa. Deklaranti, yule anayeandikisha mizigo forodhani, yuko Kasumbalesa na simu sikioni, kamio iko kwenye foleni, anangoja hati moja tu kutoka kwako, nawe unamwambia «nimeshatuma» huku barua imelala kwenye mashine yako.

Kwa ajili ya deklaranti huyo, usimalize kanuni kabla ya kufika dirisha la mambo yasiyohusika, yale yanayoanza na «sauf». Hapo unaiambia Outlook: zishike barua zote, isipokuwa ile niliyoitia alama ya umuhimu mkubwa, lile alama nyekundu la mshangao. Au isipokuwa ile yenye neno fulani kwenye kichwa cha barua. Mimi napendelea neno kuliko alama, kwa sababu alama nyekundu anaiona na mpokeaji, na ukimtumia mtu alama nyekundu kila siku ataacha kuijali. Chagua neno ambalo huliandiki kwa bahati mbaya. Biro moja ya jirani yangu wanatumia DOUANE-JUU. Barua ikibeba neno hilo inatoka papo hapo.

Sasa sikiliza mambo yatakayokusumbua, maana niliyajua moja moja kwa kuumia.

Barua iliyoshikwa inakaa kwenye «Boîte d'envoi», na inakaa kwenye kompyuta yako. Ukifunga Outlook kabla dakika hazijaisha, haiendi. Umeme ukikatika na mashine ikazimika, haiendi pia, mpaka uwashe tena. Kwa hiyo Ijumaa jioni barua ya mwisho itume, ukusanye vitu vyako, ufunge dirisha la chumba, uoshe kikombe, halafu urudi kutazama «Boîte d'envoi» iko tupu ndipo uzime. Nimemwona mama mmoja akituma fakture saa ya kufunga, akazima, na fakture ikatoka Jumatatu, wakati mteja alikuwa ameshalipa wengine kwa pesa ya wiki ile.

Jambo la pili ni dogo kwa macho, lakini limepoteza barua nyingi. Ukiwa na wasiwasi, utaingia «Boîte d'envoi» na kuifungua barua uitazame. Vizuri, ndiyo faida yake. Lakini ukiitazama kisha ukaifunga tu, haitaondoka tena, hata dakika tano zikipita, hata siku tano. Lazima ubonyeze «Envoyer» upya, na hesabu ya dakika inaanza mwanzo. Angalia maandishi yake kwenye orodha: barua inayongoja kuondoka imeandikwa kwa herufi zilizolala upande, ile iliyokwama herufi zake zimesimama wima. Siku hizi mimi nikipita pale, natafuta zilizosimama.

La tatu, kanuni hii haiijui simu yako. Inafanywa na Outlook ya kwenye meza. Ukijibu mteja kwa simu ukiwa ndani ya taksi, jibu linakwenda moja kwa moja. Bei usizitume kwa simu.

La nne ni kwa wale ambao kompyuta yao imeshahamishiwa Outlook mpya, ile yenye swichi ya «Nouvel Outlook» pale juu kulia, au wanaofungua barua zao kwenye intaneti. Huko kanuni zinahusu barua zinazoingia tu. Mnachopewa ni nafasi ya kughairi baada ya kubonyeza, na haizidi sekunde 10. Gmail nayo inatoa sekunde 5, 10, 20 au 30, wewe unachagua kwenye mipangilio. Weka 30 leo hii, wengi wameachiwa 5 na hawajui. Zote mbili zinakuruhusu pia kupanga saa ya kuondoka kwa barua, na hapo mkumbuke kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Barua uliyoipanga itoke saa mbili asubuhi ya Lubumbashi inamkuta mtu wa Kinshasa saa moja, bado yuko njiani, na akifika kazini imeshafunikwa na nyingine.

S., hata ukiweka dakika tano, jina baya litaendelea kujiandika. Lile jina lililokuponza, anza kuliandika tena. Likishuka kwenye orodha, pembeni yake kuna alama ndogo ya X. Bonyeza X, Outlook italisahau. Halafu ubadilishe mwendo wa mkono wako: weka kwanza hati ya bei, kisha andika barua, uisome, na anwani iwe ya mwisho kabisa. Barua isiyo na anwani haiwezi kwenda popote hata ukigusa kitufe kwa kiwiko. Stajeri wote waliopita kwangu nimewafundisha hivyo, na wale waliokubali sikuwahi kuwasikia na balaa ya namna yako.

Sasa patroni wako. Ndiyo, dirisha lilelile lina kanuni ya kumweka mtu kwenye kopi ya kila barua unayotuma. Lakini kopi hiyo ni ya wazi. Mteja ataliona jina la patroni kwenye kila barua, hata ile ya kumwambia «asante, nimepokea», na akijibu wote, patroni atapata na hayo majibu. Kopi ya siri, Outlook haiiweki kwa kanuni. Patroni anataka kulinda bei. Salamu zako hazimhusu. Mwendee, umweleze hivi kwa heshima: «Papa, kopi itakayokufikia ni ya barua yenye neno "Devis" kwenye kichwa, na kabla haijatoka itakaa dakika tano mikononi mwangu.» Kanuni inakubali kuchagua kwa neno la kichwa, na wewe utajifunga kuandika neno hilo kila unapotuma bei.

Na kama bado hana amani, asikubebeshe wewe mzigo huo. Amwite yule kijana anayesimamia seva yenu. Kama mnatumia Exchange au Microsoft 365, msimamizi anaweza kuweka kanuni kwenye seva yenyewe: kila barua yenye neno «Devis» inayotoka nje ya kampuni ingoje mpaka patroni aikubali. Hiyo inaikamata na barua ya simu, na kompyuta yako ikizimika haijali. Nakuomba tu isiwe kwa barua zote. Nimefanya kazi mahali ambapo kila barua ilingoja ruhusa ya mtu mmoja. Mtu huyo akasafiri siku nne, na sisi tukawa tunawapigia wateja simu kuwasomea barua ambazo tulikuwa tumeshaziandika.

Mama, mimi ni mwalimu anayesaidia kazi za ofisi ya shule. Nataka barua ninazotumia wazazi zijipange zenyewe kwenye folda moja, zisichanganyike na nyingine. Natumia programu ya barua ya Thunderbird kwa kuwa hailipiwi.
J., Katuba

Mwalimu, umechagua vizuri. Katika Thunderbird fungua sehemu ya vichujio vya barua, tengeneza kipya, na pale inapouliza kifanye kazi lini, tia alama «Après l'envoi». Kisha useme: kichwa kikiwa na neno «Parents», barua inakiliwe kwenye folda ya wazazi. Chagua kunakili, usichague kuhamisha, ili ile ya asili ibaki pamoja na barua nyingine zilizotumwa. Siku mzazi akisema hakuambiwa tarehe ya mkutano, utaipata mahali pawili. Na anwani za wazazi ziweke kwenye kopi ya siri, kwa mkono, kila mara. Mzazi hakukupa anwani yake ili majirani zake wote waijue.

Naweza kuamuru barua zote za kazini zijitume pia kwenye Gmail yangu, nizisome nikiwa nyumbani?
Bila jina, Lubumbashi

Usifanye. Barua zile ni za kampuni, ndani yake kuna bei, mishahara na majina ya watu ambao hawakukupa ruhusa ya kuwapeleka nyumbani kwako. Tena kama kampuni yenu iko kwenye Microsoft 365, kwa kawaida mfumo wenyewe unakataa barua kujituma nje, mpaka msimamizi aufungue. Mwombe akuwekee anwani ya kazi kwenye simu yako. Ni kazi ya robo saa, na siku ukiacha kazi anaiondoa kwa dakika moja, wewe ukiondoka bila deni la barua za watu.