Baridi ya Julai si jua kwenda mbali

Dada, nimekuelewa: mwanao wa darasa la tatu ameng'ang'ania kwamba Moshi hupoa Julai kwa sababu jua limekwenda mbali, na usiku huingia jua likilala. Usimcheke, hilo la umbali hata wakubwa wengi wanaliamini. Kweli, mapema Julai dunia huwa mbali zaidi na jua, lakini wakati huohuo Ulaya ni kiangazi! Mwambie hivyo, uone atakavyoduwaa.

Usiku ni rahisi. Chomeka kijiti kwenye chungwa, zima taa, limulike kwa tochi huku yeye akilizungusha: chungwa ni dunia, tochi ni jua. Basi.

Kazi iko kwenye majira. Inamisha kijiti (mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.5), kisha mzunguke taa iliyowashwa katikati badala ya tochi, ncha ya juu ikielekea mlangoni muda wote: upande mmoja nusu ya juu ya chungwa itaielekea taa zaidi, upande wa pili nusu ya chini. Watoto hugeuza kijiti kila hatua na somo zima linaharibika, kwa hiyo mshike mkono.

Halafu simikeni fimbo uani, saa sita na nusu mchana. Juni kivuli kitalala kusini. Desemba kitageukia kaskazini, upande wa Kilimanjaro. Ila asilikodolee jua lenyewe, hata kwa miwani ya jua, linaunguza macho.

Ila usimwambie kwamba mwinamo ndio unaoleta baridi yote ya Moshi. Tuko karibu na ikweta: mawingu, pepo za kusi na mwinuko vina sehemu kubwa. Masika na vuli hutokana na ukanda wa mvua unaolifuata jua, na hilo linaweza kusubiri darasa la tano.