"Vice" ya fundi si uovu
Salaam ndugu. Umekwama kutafsiri mwongozo wa karakana wa Kiingereza: kwa "vice" kamusi inakupa "uovu" na "makamu", huku fundi anabana bomba kwenye "vice". Hapo ni jiliwa, kile chombo cha kukaza kwa parafujo pembeni mwa meza. Mtaani utasikia vaisi. Mimi niliwahi kuandika "uovu wa benchi", mhariri akanitania mwezi mzima.

Angalia kwanza neno linalofuata. Likiwa cheo, mfano "president", basi ni makamu. Habari zikiwa za kamari na ulevi, ndiyo uovu. Wamarekani wametuhurumia kidogo, chombo wanakiandika "vise".

Asili za maana hizo tatu za "vice" ni Kilatini, ila mbalimbali: vitium ni kasoro, vice ni badala ya, na "vice" ya maana ya jiliwa imetoka kwa vitis, mzabibu, kwa vile vikonyo vyake hujisokota kama parafujo.