Homa Iliyofika Moyoni: Neno kwa Wafugaji Wenzangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba kaka yake ana wiki ya sita akipandwa na homa kila jioni, amekwisha kumeza dawa ya mseto mara mbili, na sasa anatibiwa taifodi. Nilishtuka, kwa sababu ndivyo nilivyoanza mimi.

Wakati ule nilikuwa na ng'ombe wanane, na shabaha yangu, kama yenu, ilikuwa kuongeza maziwa. Mtamba wangu bora alitupa mimba ya miezi saba. Nikamsaidia kutoa zalio kwa mikono mitupu, na siku zote hizo nyumbani tuliendelea kunywa maziwa mabichi, yakiwa bado na povu la kukamuliwa. Baada ya wiki chache jasho la usiku lililowesha shuka hadi godoro, kiuno kikaniuma, na kwenye zahanati niliyokimbilia nikapewa vidonge vya malaria bila hata kutobolewa kidole. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa brusela, bakteria wanaotoka kwa mifugo kupitia maziwa mabichi na mimba iliyotupwa, ambao daktari Mwingereza David Bruce aliwagundua huko Malta mwaka 1887. Ni nadra kufika moyoni, lakini wakifika hushambulia zaidi vali ya aota, yaani mlango wa moyo unaotoa damu kwenda mwilini, na wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu hufia hapo. Miezi ilipita. Nilipokuwa siwezi tena kubeba ndoo ya maji, daktari mmoja alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu, akaniuliza kama nafuga, kisha akaagiza damu ioteshwe maabara kuona kama ina bakteria, na moyo upimwe kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti. Nilichomwa sindano za antibiotiki ya gentamisini, nikameza nyingine mbili, doksisaiklini na rifampisini, kwa miezi, na vali ikabadilishwa. Leo nakamua mwenyewe, na ninaona fahari kulisema hilo.

Ndugu zangu, chemsheni maziwa. Vaeni glavu ng'ombe anapotupa mimba. Chemsheni maziwa, hata wazee wakiwacheka.

Nawe dada uliyeniandikia, mpeleke kaka yako hospitali kubwa kesho, kabla hajaanzishiwa antibiotiki nyingine, maana dawa ikitangulia bakteria huenda wasiote. Mwambie daktari kuhusu mifugo yenu bila kungoja kuulizwa, na umwombe aitahadharishe maabara: brusela huota polepole, na huwaambukiza hata wanaoipima.